Komba Aliyelishwa Vitumbua

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mnazi mrefu, nani kauparamia?
Mtaje, tumsikie!

Hapo kale paliondokea mkwezi, jina lake Mzee Vuai. Alikuwa na binti mmoja tu, Mize. Mize akaolewa ng'ambo ya mkono wa bahari, wenye mkondo usiovukika kwa chombo, mwendo wa siku saba kuuzunguka, na njia yenyewe ina simba. Lakini Mzee Vuai alikuwa na mnazi mrefu kuliko yote kijijini, na ukifika kileleni, ua wa Mize wauona wote. Basi kila asubuhi alipanda, akamtazama mwanawe akifagia, akashuka roho imetulia.

Masika yakaingia. Mnazi ukawa utelezi, haupandiki. Na Mzee Vuai kila alipomkumbuka Mize, alikula. Akimkumbuka asubuhi, chai ya sukari vijiko vitano. Akimkumbuka mchana, wali wa nazi sinia zima. Akimkumbuka jioni, vitumbua, tena vinavyochuruzika mafuta. Nanyi mnajua, mzazi haachi kukumbuka!

Mvua ikakatika, mzee tumbo limetuna. Akaweka mguu kidato cha kwanza kilichochongwa shinani. Akapanda cha pili. Cha tatu, pumzi ikamwishia. Akashuka, akalia. Msicheke, alilia kweli, mtu mzima na mvi zake.

Komba alikuwa juu, akamsikia.

"Mzee, unalilia nini?"

"Namlilia mwanangu. Hebu nitazamie, yu hali gani?"

"Lete vitumbua kwanza."

Akaleta. Komba akateremka, akala, akalamba vidole, akapanda tena. "Namwona. Anafagia, anacheka."

Siku ya pili: "Lete chai, na sukari usinibanie." Akaleta. "Namwona. Anasuka ukili wa mkeka, anacheka."

Siku ya tatu: "Lete wali wa nazi." Akaleta. "Namwona. Anatwanga, anacheka."

Mzee Vuai akarudi nyumbani anawaza. Mize acheke asubuhi? Tangu mdogo Mize akiamka hununa mpaka jua lipande! Komba huyu hatazami kitu, anapiga domo tu. Moyo ukamuuma. Ndipo shuka ikamteleza kiunoni. Akaishika, akaitazama: kumbe amepungua! Siku tatu vyakula vitamu vyote vimekwenda kwa komba, yeye kala mchicha.

Akaifunga shuka upya. Kesho yake akabeba sinia kama kawaida. "Kula, bwana, unipe habari."

Yeye mwenyewe akala muhogo wa kuchemsha, mchicha, samaki wa kuchoma. Akanywa maji ya mtungi. Chai aliinywa bila sukari, akakunja uso. Akisikia harufu ya vitumbua, mate yanamjaa. Akimkumbuka Mize, hali tena. Hutembea mpaka pwani, husimama akatazama ng'ambo, hurudi. Hamu haikupungua hata siku moja.

Mwezi wa kwanza, komba akiwa amelala kwa shibe, mzee alijaribu akafika kidato cha kumi. Mwezi wa pili, nusu ya mnazi. Mwezi wa tatu komba akateremka kulifuata sinia, akala, akageuka apande. Wapi! Tumbo linaburura.

"Mzee, nisukume!"

"Kaa hapo hapo, umenilisha uongo wa kutosha."

Akaparamia. Hakupumzika njiani. Akafika kileleni, akayasukuma makuti, akatazama.

Mize hakuwa akifagia, hakuwa akisuka, hakuwa akitwanga. Alikuwa amesimama mwisho wa ua, mkono juu ya macho, anautazama mnazi. Amekonda. Mzee Vuai akaelewa: kumbe Mize naye alikuwa akimwona kila asubuhi. Siku zote zile mwanawe alikuwa akikitazama kilele kitupu, akidhani baba amekufa.

Akavua kofia, akaipunga. Mize akatazama, akatazama, akaketi mchangani, akajifunika uso kwa kanga. Kisha akainuka, akaipunga kanga kwa mikono miwili.

Mzee Vuai alikaa kule juu mpaka jua likawa kali, na Mize hakuondoka uani.

Ngano yangu imeshuka mnazini, haipandi tena. Ikiwa imekolea, ni yenu. Ikiwa imepungua chumvi, niachieni mwenyewe.