Laki Tisa za Kompyuta ya Maziwa

"Laki tisa kwa mistari miwili?" Ambokile aliuliza, na hakuwa anacheka. "Yaani mstari mmoja laki nne na nusu. Hata Zaburi haziuzwi bei hiyo, kaka."

"Na wewe ulichomeka waya," Gwamaka akamjibu. "Kama kuchomeka waya ni ushujaa, basi mafundi umeme wa wilaya nzima wanatudai."

"Wote wawili mngekuwa bado mnakuna vichwa," Subilaga akasema, "kama mimi ningefunga mdomo wangu."

Asajile, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa ameweka bahasha mezani na kiganja juu yake. Muhtasari wa mkutano ulisema wazi: shilingi laki tisa apewe mtu mmoja atakayeiponya kompyuta ya kituo cha maziwa. Asipopatikana, fedha zirudi kununua pumba za ng'ombe.

Nitawaeleza ilivyokuwa, bila kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kituo chenyewe kiko mlimani, juu kidogo ya Tukuyu. Wafugaji huleta maziwa alfajiri, na kipimo chenye mrija hunyonya kidogo kutoka kila ndoo, kikatuma namba kwenye kompyuta: mafuta kiasi hiki, maji kiasi hiki. Kila baada ya ndoo ishirini kipimo lazima kichomolewe, kikaoshwe kwa maji ya moto. Kisipooshwa kinaganda, na kikiganda kinadanganya.

Ubaya ulianzia hapo. Ukikichomoa, unahesabu moja, mbili, tatu, halafu kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi. Ikiwaka tena, namba za asubuhi nzima hazipo. Ndoo zinapimwa upya, jua linapanda, maziwa yanachachuka, yanamwagwa mtaroni. Tupokigwe, mjane mwenye ng'ombe mmoja, alimwaga lita kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe. "Ng'ombe wangu hajui kompyuta," alisema. "Mbona anaadhibiwa yeye?"

Walibadilisha kompyuta mara mbili. Mpya nayo ikafa vilevile. Mnunuzi wa maziwa akatuma neno: Ijumaa ya mwisho wa mwezi lori likikuta tena hakuna namba, halitapanda mlima huo tena. Kaya mia mbili na kumi zingebaki na maziwa na hasara.

Subilaga ndiye karani wa mapokezi. Kipaji chake ni jicho. Wengine walisema kompyuta inakufa kila ikichomolewa kipimo. Yeye aliona kuna siku haifi. Akaanza kuandika kwenye daftari, siku tisa, kila kuchomoa na kilichofuata. Jibu likamrudia yeye mwenyewe. Foleni ikiwa ndefu na watu wakinung'unika, alichomoa namba ikiwa bado inacheza kwenye kioo, akaandika ndoo ya mwisho kwa kukisia. Siku hizo ndizo ilizokufa. Namba ikiachwa itulie, kompyuta inabaki hai. Alisimama mbele ya wafugaji akasema, "Ni mkono wangu." Mtu mmoja akapaza sauti afukuzwe kazi. Subilaga hakuketi mpaka alipomaliza kusoma daftari lote.

Wangeweza kuishia hapo, wakamwambia karani asubiri namba itulie. Lakini kipimo hicho kilikuwa kikuukuu, na siku nyingine namba ilicheza dakika nzima bila kutulia. Foleni ya ndoo mia mbili haisubiri hivyo.

Ambokile ni fundi redio pale sokoni. Kipaji chake ni mikono. Alisema kompyuta inapokufa haifi kimya. Kuna maneno inayatapika mwishoni, ila kioo kinazima kabla mtu hajayasoma. Akang'oa kompyuta ya dukani kwake, akaibeba mgongoni, akavuta waya kutoka ile mbovu mpaka hii nzima, ili maneno ya mwisho yadondokee huku. Duka lilifungwa siku sita. Wateja wawili walichukua redio zao wakahamia kwa mshindani wake. Siku ya sita akayanasa: kurasa tatu za herufi na tarakimu ambazo yeye mwenyewe hakuelewa hata moja.

Gwamaka ni mlinzi wa ghala. Kipaji chake ni kusoma. Kuandika programu alijifundisha kwa simu ya kioo kilichopasuka. Katika zile kurasa akaona jina la ile programu inayoifundisha kompyuta kuongea na kipimo. Akaifungua, akaisoma siku nne.

"Ni kama nyumba ya kupanga," aliwaeleza. "Namba ikiwa inacheza, kuna mtu anagonga chumba cha kipimo, yaani nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kila sekunde kuuliza habari. Ukichomoa, programu inampa mtu mwingine chumba kwanza, ndipo inamwambia mgongaji aache. Inakuwa imechelewa. Mgongaji ameshaingia na kuvuruga vitu vya mwenzake. Kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, hakivumilii hilo; kinazima nyumba nzima."

Akabadilisha mpangilio: mgongaji asimamishwe kwanza, chumba kitolewe baadaye. Mistari miwili ikabadilishana nafasi.

Ijumaa hiyo lori likaja na injini haikuzimwa. Ndoo mia na arobaini zilikuwa zimepimwa. Kipimo kilihitaji kuoshwa, na namba ilikuwa inacheza.

"Chomoa," Gwamaka akasema.

"Usichomoe," Asajile akasema. "Maziwa yote haya, dada."

Subilaga akachomoa. Moja. Mbili. Tatu. Tupokigwe alikuwa ameshika mdomo wa ndoo yake kwa mikono miwili. Nne. Tano. Kumi. Kioo kikabaki kinang'aa, namba zote mahali pake. Dereva akashuka, akafungua bomba la lori.

Sasa wako mezani, na kiganja cha mwenyekiti kiko juu ya bahasha.

Msiniambie wagawane, muhtasari umesema mtu mmoja, na wanachama wamegoma kuubadili. Msiniambie wote wanastahili. Hilo ni jibu la mtu anayeogopa majirani. Bila daftari, Ambokile asingejua aiue lini kompyuta ili imtapikie maneno. Bila waya, Gwamaka angekuwa anatafuta sindano baharini. Bila ile mistari miwili, daftari na waya vingeishia kuwa ushahidi wa msiba.

Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, bahasha ungemkabidhi nani? Mimi nimetoa yote, hata aibu ya karani sikuificha. Nawadai jina moja na sababu yake. Leteni.