Jani la Bi Saumu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kwa uvivu hivyo? Kumbe wali wote ule umekwenda wapi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, tulieni. Kale, kale ya mbali, kulikuwa na mji ulioitwa Mkunguni, kando ya mto Mwere. Watu wa Mkunguni walikuwa na desturi moja wasiyoichezea. Kila ukoo ulikuwa na kidani cha dhahabu, na kila jani la kidani hicho lilikuwa la mama mmoja aliyekwisha kufa. Mama aliyesuka mikeka, jani lake lilinakshiwa ukili. Mama aliyepika chumvi, jani lake lilinakshiwa moto. Binti alipoolewa, mama yake alimvisha kidani mbele ya mji mzima, akashika jani moja baada ya jingine, na kwa kila jani alitaja mambo matatu: ni la nani, mwenyewe alifanya kazi gani, na dhahabu yake imetoka wapi.

Na dhahabu ilitoka mtoni. Wanawake wenyewe waliingia majini na vyano vyao vya mti, wakaosha mchanga, wakachukua ya jani moja, wakatoka. Hakuna aliyechukua ya majani mawili.

Katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Siwema. Hakuwa msemaji, lakini alikumbuka. Ungemuuliza nani alizaliwa mwaka wa nzige, angekutajia mtoto, mama wa mtoto, na nyumba. Mama yake, Bi Saumu, alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Mkunguni waliangukia mikononi mwake kabla ya kuanguka mahali pengine popote. Bi Saumu alikufa mwaka ule ule ambao mjukuu wake Chiku, binti ya Siwema, aliposwa. Kwa hiyo harusi ilihitaji jani jipya, na Siwema alijua alitakalo. Akaenda kwa sonara, Fundi Mbaruku.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, Bi Siwema. Pole kwa msiba, hongera kwa harusi. Sijui nianze na lipi."

"Anza na jani. Nataka fundo la uzi, kama lile alilofungia vitovu. Si ua, Fundi. Najua unavyopenda maua. Uzi uzunguke mara mbili, na ncha zake zionekane."

"Utapata fundo mpaka utake kulifungua." Fundi akacheka, akafungua kopo dogo. "Na wala huna haja ya kulowa mtoni. Dhahabu hii hapa."

Dhahabu ilikuwa nyingi, na ilikuwa nzuri. Siwema aliitazama, moyo ukamwenda. Kisha akauliza, "Imetoka wapi?"

"Kwa Kenge, yule dalali. Jumbe wetu si amewafungia wanawake mto? Siku hizi sote tunanunua kwake. Dhahabu ni dhahabu, Bi Siwema. Ikishaingia motoni haikumbuki kitu."

"Mimi nakumbuka," akasema Siwema, akatoka.

Akaenda sokoni kwa Kenge. Kenge alikuwa amelala juu ya jiwe, tumbo juani, pete za dhahabu zimempanda mkiani mpaka kiunoni.

"Shangazi! Karibu, shangazi yangu!"

"Sina kaka aliyezaa kenge," akasema Siwema. "Dhahabu yako imetoka wapi?"

"Ala! Mimi nauza tu. Umeona wapi muuza samaki akajua jina la samaki? Dhahabu ni dhahabu." Akatoa ulimi, akaurudisha. "Kama ni lile tangazo lenu la harusini, sema 'mchanga wa mto', basi. Bi Riziki alisema hivyo alipomwoza bintiye. Bi Tabu naye alisema. Ulimi uliwaungua? Walikula pilau, wakalala."

Siwema akasimama pale kama aliyemwagiwa maji. Harusi ya binti ya Bi Riziki alikuwapo. Alisikia "mchanga wa mto" kwa masikio yake, na alipiga vigelegele kuliko wote. Laiti vigelegele vingeweza kurudishwa kooni, angevirudisha saa ile.

Akaenda kwa Jumbe. Jumbe alikuwa anakula tende barazani pamoja na wazee wake.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mama harusi."

"Dhahabu anayouza Kenge imetoka wapi?"

"Sandukuni mwangu."

"Na kabla ya sanduku?"

"Kabla ya sanduku," akasema Jumbe, akitema kokwa, "alikuwapo seremala."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Jumbe akamwangalia Siwema kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyeingia msikitini. "Nenda kaandae harusi, mwanamke. Dhahabu ni dhahabu."

Siwema akawapa mgongo. Alikwenda nyumbani, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya mto, akapanda nao kuelekea unakotoka.

Alitembea mpaka nyumba zikaisha. Akatembea mpaka mashamba yakaisha. Akatembea mpaka maji yakageuka rangi, yakawa kama maji yaliyooshewa majivu. Kiu ilikuwa imemshika. Akainama, akakinga mkono.

"Usinywe!"

Aliyesema alikuwa Chura, amekaa juu ya jiwe kavu, na sauti yake ilikuwa kama kijiko kinachokwangua ukoko.

"Chura, umepatwa na nini kooni?"

"Nimepatwa na dhahabu yenu," akasema Chura. "Huko juu wanaisafisha kwa zebaki, na zebaki wanaitupa kwangu. Tulikuwa tukiimba hapa mpaka mnatulaani kwa kelele. Je, mmetusikia mwaka huu?"

Siwema akafikiri. Hawakusikika.

"Na hamkuja kuuliza," akasema Chura. "Mlisema nini? Mlisema, 'Afadhali, tumelala vizuri.' Haya, nenda. Fuata samaki waliokufa, watakufikisha."

Akawafuata. Walimfikisha kwenye shimo.

Lilikuwa shimo pana kuliko soko la Mkunguni, na ndani yake watu walikuwa wakichimba. Siwema akatupa jicho kwa mmoja, akamjua. Akatupa kwa wa pili, akamjua. Akatupa kwa wa tatu, akamjua. Walikuwa vijana wa Mkunguni, wale walioitwa na Jumbe kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuchimba bwawa la mji. Jumbe alisema bwawa lilishindikana, na vijana wameungana na msafara wa biashara nchi za mbali. Mama zao walikuwa wakiwaombea dua za wasafiri.

"Shangazi Siwema!" Aliyeita alikuwa Makame, mwana wa Bi Riziki. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka, vyeupe, na vidole vilitetemeka kama vya mzee. "Siwa imelia?"

"Siwa gani, mwanangu?"

"Ya Jumbe! Umekuja kutuambia imelia?"

Hapo Siwema akaelewa. Kwa maana huko Mkunguni msaragambo hufunguliwa kwa siwa na hufungwa kwa siwa. Aondokaye kabla pembe ile haijapulizwa huitwa mtoro yeye, na wanawe, na wajukuu. Jumbe alipuliza siwa ya kufungua. Ya kufunga akaitundika ukutani, akala tende.

"Hakuna mlinzi hapa?" akauliza Siwema. "Hakuna ukuta? Hakuna kamba?"

"Wa nini, shangazi?" akasema Mize, binti ya Bi Tabu, akishangaa kweli. "Sisi si watoro."

Siwema alikuwa mtu wa desturi tangu utotoni. Alizijua zote na alizilinda zote. Lakini siku ile, akiwa amesimama ukingoni, alitamani asingeijua hata moja. Mtu aliyefungwa kamba walau anaiona kamba. Hawa walikuwa wamefungwa kwa adabu waliyofundishwa na mama zao, na aliyewafunga alijua anachofanya.

"Tokeni twende nyumbani," akasema.

"Siwa haijalia, shangazi."

"Makame, nakwambia tokeni."

"Siwa haijalia."

"Mize!"

"Haijalia, shangazi." Mize akaanza kulia, huku jembe likiendelea.

Siwema akarudi peke yake, amekunja uso. Hakumwambia mtu. Kama angemwambia Jumbe, angechekwa. Kama angemwambia mama mmoja, Jumbe angemwita mwongo, na asubuhi vijana wangehamishiwa shimo jingine. Akangoja mahali ambapo mji mzima hukaa kimya na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mwanamke anayesema.

Siku ya harusi ikafika. Chiku akaketi kwenye kiti, amepambwa. Jumbe akaketi mbele, na Kenge ubavuni pake, mkia umekunjwa vizuri pete zionekane. Siwema akatoa kidani. Watu wakanong'ona, kwa sababu mwisho wa kidani, pale palipostahili jani jipya, palifungwa uzi mweupe mtupu.

Siwema akaanza. "Hili la Bi Mwanamkasi. Alisuka mikeka. Dhahabu yake, mchanga wa mto." Vigelegele. "Hili la Bi Nuru. Alipika chumvi. Dhahabu yake, mchanga wa mto." Vigelegele. Akafika kwenye uzi.

"Hapa pa mama yangu, Bi Saumu. Mkunga. Dhahabu haipo."

"Sema mchanga wa mto, shangazi, tule pilau!" akaita Kenge, na wengine wakacheka.

"Dhahabu ilikuwapo," akasema Siwema, wala hakupandisha sauti. "Nimeikataa. Imechimbwa na Makame wa Bi Riziki. Imechimbwa na Mize wa Bi Tabu. Imechimbwa na Sijali wa Bi Kibibi." Akaendelea. Akawataja wote, kila mmoja na mama yake, hakusahau hata mmoja. "Hawako safarini. Wako kwenye shimo juu ya mto, wanakunywa maji yaliyoua samaki. Hawajala vizuri tangu mvua za mwaka juzi. Na wanachongoja ni siwa iliyotundikwa ukutani kwa huyu bwana anayekula tende."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Riziki akamgeukia bintiye aliyekuwa ameketi kando yake, akatazama jani lililokuwa likimeremeta shingoni mwa binti yule. Alilinunua kwa Kenge. Lilichimbwa na kaka wa mvaaji. Bi Riziki akatoa sauti ambayo waliokuwapo hawakutaka kuisikia tena.

Jumbe akasimama. "Harusi imekwisha! Huyu mwanamke amerukwa na akili!"

"Keti," akasema Bi Tabu.

"Unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe. Keti, usije ukapitwa na pilau."

Wanawake wakaondoka wote, na nguo zao za harusi, na hina zao mikononi. Jumbe akawafuata mpaka mlangoni, akipiga kelele kuwa siwa hapulizi mtu ila yeye, siwa haiguswi ila na yeye, siwa ni yake.

"Basi kaa nayo!" wakamjibu.

Walipofika shimoni, Bi Riziki akasimama ukingoni. "Makame, toka."

"Mama! Siwa haijalia."

"Nani kakuzaa, mimi au siwa?"

Makame akatazama chini. Akatazama jembe. Akaliacha, akapanda. Bi Tabu akamwita Mize. Bi Kibibi akamwita Sijali. Kila mama akamwita wake, na aliyefiwa na mama akaitwa na Siwema, na wa mwisho akatoka jua likiwa bado liko juu.

Sanduku la Jumbe likatolewa barazani, likamiminwa juu ya mkeka mbele ya waliochimba. Jumbe alitazama tu. Wazee wake, wale waliocheka, walikuwa wamekumbuka shughuli nyumbani. Vijana wakagawana. Kisha Makame akachota chembe kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akazitia kwenye chano cha Siwema. "Ya jani la Bi Saumu."

Siwema akakisukuma chano. "Ni ya shimo lile lile."

"Shimo ni lile," akasema Makame, na sasa hasira ilikuwa yake. "Lakini jana niliporwa, leo natoa. Mama yako alinifunga kitovu. Na hili pia nikatazwe?"

Siwema akakirudisha chano. Kisha akamuuliza kila mmoja, uso kwa uso, "Umetaka mwenyewe?" Wawili walisema hapana, akawaambia, "Mmefanya vyema." Waliobaki wakatoa chembe chembe, mpaka ikatosha jani moja.

Fundi Mbaruku hakuthubutu kumtazama. Siwema aliketi kando ya moto wake tangu viriba vya ngozi vilipoanza kuupuliza mpaka nyundo iliponyamaza. Jani lilipopoa akalishika. "Uzi umezunguka mara moja, Fundi."

"Bi Siwema, nani ataona?"

"Yeyusha."

Akayeyusha, akaanza upya, akazungusha mara mbili. Na Chiku alipovishwa, mama yake alisema: "Hili la Bi Saumu. Mkunga. Dhahabu yake imetoka kwa watoto aliowapokea, nao wameitoa kwa mikono yao." Vigelegele vya siku hiyo, Siwema hakuvionea haya.

Na Kenge? Ah, Kenge! Walipokumbuka kumshika, alikwisha pita chini ya jamvi, pete zake zote mkiani. Hakufa, msinitazame hivyo. Alihamia mji mwingine, akatafuta jiwe lenye jua, akafungua biashara. Wateja hawamkauki. Wanaingia, wanachagua, wanajitazama kwenye kioo, wanatoka. Hakuna amuulizaye kitu. Hilo linaniudhi hata leo, na sitaki mniambie nitulie.

Hadithi yangu imekaa chini hapo. Moto na uzimwe. Hasira hii chukueni, mgawane.