Santuri ya Mama

Wahenga hawakumwaibisha mtu kwa kuugua. Walichokikemea ni kule kuufunika ugonjwa gubigubi na kutembea nao mjini kana kwamba hakuna kitu. Ugonjwa uliofichwa haukai kimya. Humsubiri mwenyewe pabaya kuliko pote, mbele ya wale anaowapenda. Fundi mmoja aliijua methali yao tangu shuleni, lakini kuijua methali na kuifuata ni mambo mawili.

Fundi huyo aliitwa Masikio. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa akiisikiliza redio mbovu mara moja tu alikutajia maradhi yake. Siku hizi riziki yake ilitoka kwenye santuri za zamani. Sebuleni kwake mashine ya santuri ilikaa juu ya stereo kuukuu, na nyuma ya stereo alichomeka waya ulioingia kwenye kompyuta yake mpakato. Santuri ikizunguka, sauti ilipita kwenye waya na kuhifadhiwa humo.

Hofu ilianzia jikoni. Asubuhi moja mkewe alirudi kutoka dukani akakuta birika la filimbi likilia, maji yamekaribia kukauka, naye fundi ameketi karibu nalo, ametulia tuli.

"Baba watoto, hukuisikia filimbi? Mimi nimeisikia tangu getini."

"Nilikuwa na mawazo," akajibu.

Hakuwa na mawazo yoyote. Hakuisikia. Tangu hapo akawa anajipima kwa siri. Sauti nene alizisikia kama zamani, lakini nyembamba zote, za ndege na kengele ya mlango, zilikuwa zimemhama. Fundi wa sauti asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja chumvi. Wateja wakijua, kitumbua kimeingia mchanga. Basi akakata shauri kunyamaza. Na kwa kuwa alilazimika sasa kufungulia sauti mpaka mwisho, alizima spika na kuvaa hedifoni, mkewe asije akashtuka.

Ndipo dada yake mkubwa alipokuja na santuri iliyoviringishwa kwenye taulo. Humo aliimba marehemu mama yao, alipokuwa bado msichana. Nakala ilikuwa moja tu.

"Aliyeitengeneza alituonya kwamba ni laini kama sabuni," dada alisema. "Ndiyo maana sijathubutu kuipiga. Lakini wanangu hawajawahi kumsikia bibi yao. Nakukabidhi wewe, mdogo wangu. Nani mwingine nimwamini?"

Alipoondoka, fundi alikaa na santuri ile akiitazama kama mtu aliyepewa yai ashike kwa koleo. Mkewe, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akamsogelea.

"Washa spika, nami nisikilize. Masikio manne si bora kuliko mawili?"

Ukweli ulimfikia ulimini, akaumeza. "Hii ni kazi ya fundi. Nenda kapumzike," akasema, kwa ukali ambao haukumpendeza hata yeye mwenyewe.

Alivaa hedifoni, akateremsha sindano. Mama akaimba. Sauti ilikuwa nene na nzuri, imefifia kidogo tu, na machozi yakamlengalenga. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya kijani ilipanda na kushuka inavyotakiwa. Wimbo ulipokwisha akainua sindano. Uzi mweusi, mwembamba kama unywele, ulikuwa umejisokota kwenye ncha yake.

Aliupuliza ukaanguka zuliani, akajiambia kuwa ni vumbi. Hakuthubutu kuupiga wimbo tena, na hakuthubutu kumwita mkewe.

Dada alirudi alasiri, akaketi kando ya wifi yake, mikono ameikunja mapajani. Safari hii ilibidi spika ziwashwe. Fundi akabonyeza, akawageukia apate kuiona furaha yao.

Hakuiona. Mkewe aliziba masikio kwa viganja. Dada alikunja uso kama mtu aliyetiwa ndimu kidondani. Fundi alitazama spika, akawatazama wao, maana yeye alimsikia mama yake tu, akiimba bila taabu.

"Kelele gani hizi?" dada aliuliza. "Kama msumari juu ya bati. Mama yuko wapi humu?"

"Namsikia," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Mimi namsikia vizuri."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Mkewe aliinuka, akaichomoa sindano na kuisogeza dirishani, akaiona ncha yake imemeguka. Akaishika santuri na kuielekeza kwenye mwanga. Mifereji yake ilikuwa imechunwa na sindano hiyo kuanzia ukingoni mpaka katikati; ule uzi mweusi haukuwa vumbi. Hapakuwa na wimbo wa kupiga tena.

"Tangu lini husikii?" dada akauliza.

"Tangu zamani kidogo. Niliogopa."

Dada aliiviringisha santuri kwenye taulo lake, polepole, kama bado kulikuwa na kitu cha kutunza. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma fundi kuliko matusi.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," alisema. "Ningekaa hapa nikusikilizie."

Kuanzia siku ile sauti ya mama yao ilibaki kwa mtu mmoja tu duniani, katika masikio mabovu ya mwanawe, na hakuweza kumpa mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua.