Uzi Mwekundu wa Mkunga Mariankuda

Wazee waliotutangulia katika imani walisimulia kwamba, zamani za wafalme Wakristo wa Nubia, aliishi kando ya mto Naili mkunga mmoja mcha Mungu aitwaye Mariankuda. Alikuwa mjane, mtu wa sala na saumu, na mikono yake ilikuwa imepokea karibu nusu ya watoto wa kijiji chake. Kila alipoitwa kwa mzazi, alisimama kwanza mlangoni akafanya ishara ya msalaba, ndipo akaingia.

Watu wa kijiji kile walikuwa wamebatizwa tangu enzi za babu zao. Hata hivyo, hofu moja ya kale ilikuwa haijawatoka mioyoni. Walisema mto una mwenyewe, wakamwita Mama wa Mto, na kwamba kila mtoto azaliwaye ni wake mpaka afungwe mguuni uzi mwekundu uliochovywa katika chemchemi yake.

Mwanzoni Mariankuda hakukubali kuigusa desturi hiyo. Lakini siku moja alimhudumia msichana aliyekuwa akijifungua kwa mara ya kwanza, naye alipiga kelele kwa hofu, akakataa kusukuma mpaka auone uzi. Mariankuda akamwonea huruma. Akachomoa uzi mwekundu katika pindo la shuka yake mwenyewe, akamwonyesha. Yule msichana akatulia, akajifungua salama, na mkunga akaufunga uzi mguuni mwa mtoto huku akisoma zaburi kimoyomoyo.

"Mungu anaujua moyo wangu," alijiambia. "Mimi siyaamini haya. Namtuliza mzazi tu."

Habari zikaenea kwamba Mariankuda naye hufunga uzi. Wa pili akaomba, wa tatu akaomba, na baada ya miaka michache hakuna aliyehitaji kuomba tena. Chemchemini hakwenda hata mara moja. Alichomoa nyuzi za shuka yake, wala hakuna aliyemwuliza zimetoka wapi. Kasisi wa kijiji, Baba Merkure, aliwahi kuuona uzi mguuni mwa mtoto aliyeletwa kubatizwa, akamwuliza Mariankuda, "Mama, hiki ni nini?"

"Ni pambo tu, baba," akajibu Mariankuda.

Siku ile alirudi nyumbani, akapiga magoti, na maneno ya sala hayakuja. Kesho yake yakaja, naye akalisahau jambo lile.

Ikawa mwaka mmoja, msimu wa mafuriko, mwanamke aitwaye Tasia alijifungua asubuhi mtoto wake wa pili, wa kike. Mariankuda alimpokea mtoto, lakini hapo hapo akaitwa nyumba nyingine ambako mzazi alikuwa akivuja damu, akaondoka mbio bila kufunga uzi. Aliporudi alasiri kumjulia hali Tasia, alikuta nyumba kimya. Tasia alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mama mkwe wake, Elisi, alikuwa sakafuni akitandika kitambaa ndani ya kikapu. Mtoto alikuwa peke yake juu ya mkeka, midomo imemkauka.

"Kwa nini mtoto hayuko kifuani mwa mama yake?" Mariankuda akauliza.

"Amekataa kunyonya," akajibu Elisi bila kuinua macho. "Tukamtazama miguu, hana uzi. Huyu si wetu. Tukimng'ang'ania atachukuliwa yeye pamoja na kaka yake. Tunamrudisha mtoni kwa mwenyewe kabla jua halijatua."

Mariankuda akaenda mbio mkekani. Akamwinua mtoto, akamweka kifuani. Alikuwa mwepesi, lakini moyo wake ulikuwa ukipiga.

"Elisi, mtoto yu hai!"

"Basi mfunge uzi sasa. Lakini umechelewa, na uzi peke yake hautoshi. Piga magoti, umwombe Mama wa Mto radhi kwa jina lake, sisi tukisikia. Ukifanya hivyo, mtoto atabaki."

Mkono wa Mariankuda ukaenda wenyewe kwenye pindo la shuka. Uzi mmoja na maneno machache, na mtoto angerudishwa kwa mama yake. Nani angemlaumu? Huruma iliyomsukuma mara ya kwanza ilimsukuma tena, ila safari hii aliona ilikompeleka. Kikapu kile hakukitandika Elisi peke yake. Kila uzi alioufunga ulikuwa umewafundisha wanawake wale kwamba yule waliyebatizwa kwa jina lake hatoshi kuwalinda watoto wao. Na akipiga magoti leo, mtoto wa kesho atakayekosa uzi ataokolewa na nani?

Akauondoa mkono. Akaketi kizingitini na yule mtoto kifuani, akauziba mlango.

"Nimewadanganya," akasema. "Sijawahi kufika kwenye ile chemchemi. Nyuzi zote nilizowafungia watoto wenu ni za shuka hii niliyojitanda."

"Unasema hivyo kwa kuogopa lawama ya kutomfunga huyu," Elisi akamkaripia.

Mariankuda akaivua shuka, akaitandaza sakafuni. Pindo lake jekundu lilikuwa limekwisha upande mmoja, zimebaki nyuzi chache zilizolegea. Elisi akalishika pindo, akalitazama, akalitupa chini.

"Tumekuheshimu kama mama yetu, kumbe unatuchezea!"

"Ni kweli. Niliogopa kilio chenu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nihukumuni mimi. Mtoto hana kosa."

Elisi akamwamuru aondoke mlangoni. Hakuondoka. Alichovya kidole katika maziwa ya mbuzi yaliyokuwa karibu, akamlowesha mtoto midomo, tone kwa tone, akasubiri.

Hatimaye Tasia akageuka kutoka ukutani.

"Gabrieli wangu alipougua homa mwaka juzi," akasema polepole, "nilimshika mguu siku tatu, nikiushukuru ule uzi. Kumbe nilishika uzi wa shuka. Nani alimponya mwanangu?"

"Yule ambaye hukumshukuru, binti yangu. Wala mimi sikukufundisha kumshukuru."

Tasia akalia. Kisha akanyoosha mikono. "Nipe mtoto wangu."

Mtoto hakunyonya mara moja. Tasia alimkamulia maziwa mdomoni, akameza kidogo, akalala, akameza tena. Jua lilipotua alikuwa amelishika titi. Elisi akakitoa kitambaa kikapuni, akawafunika nacho.

Jumapili iliyofuata Mariankuda alikiri mbele ya waumini wote. Baba Merkure akampa toba: aende nyumba kwa nyumba, aseme ukweli na kuomba kuzikata nyuzi zile. Wengine walimpokea kwa machozi. Wengine walimfungia mlango, wakaenda kumleta mkunga mwingine kutoka ng'ambo ya mto. Mariankuda alivumilia, akaishi kwa kulima vitunguu, akiitwa na wachache. Mtu mmoja alipomwuliza kama anajutia siku ile ya kizingitini, alisema, "Namjutia yule msichana wa kwanza. Alikuwa akiogopa, na nilikuwa na sala ya kumpa, nikampa uzi."

Waamini wenzangu, wengi wetu hatutaburutwa mbele ya sanamu tukalazimishwa kuisujudia. Tutaombwa jambo dogo, na atakayeliomba atakuwa mtu tunayempenda, naye atakuwa analia. Mwenyezi Mungu atujalie saa hiyo huruma isiyodanganya.