Nani Ambebe Mtoto wa Bupe

Si zamani sana, msimu wa mvua nyingi, katika kijiji kimoja cha milima ya Rungwe, siku ile walikuwapo hawa: Bupe, aliyekuwa amejifungua karibuni, mtoto wake wa kike, ambaye bado hakuwa na jina, Tusekile, msindikizaji wake, Atuganile, mkaanga maandazi wa njia panda, na Mama Ambakisye, mama mkwe wa Bupe. Ambakisye mwenyewe, mume, hakuwapo. Alikuwa Chunya akichimba dhahabu.

Mtauliza, msindikizaji ni nani? Katika usharika wao mchungaji alichagua waumini, akawafundisha jinsi ya kukaa na mtu aliyefikwa na shida: mfiwa, mgonjwa, mke aliyeachwa. Mmoja kwa mmoja. Si kwenda kumhubiria, si kumpa amri. Walipohitimu walisimama mbele ya madhabahu wakaahidi: Nitasikiliza. Nitanyamaza. Nitarudi.

Tusekile aliahidi. Atuganile hakufika madhabahuni, maana aliondolewa darasani mapema. Neno alilolisikia darasani asubuhi, sokoni lilikwisha kufika kabla yake.

Basi Tusekile akapewa Bupe. Alhamisi akaenda, akafua nepi, akachochea moto, akaketi. Bupe hakusema kitu. Alhamisi nyingine akaenda, akafua, akachochea, akaketi. Bupe hakusema kitu. Alhamisi nyingine tena, moto ukiwa umeshika vizuri, Bupe akasema bila kuinua macho:

"Dada, namwogopa mwanangu. Akilia, naona kama ananiita mahali nisipopajua. Usimwambie mama mkwe."

"Simwambii mtu," akasema Tusekile. Na kweli hakumwambia mtu, hata mumewe.

Mama mkwe alikuwa mkali. Kila akipita mlangoni alisema, "Wenzako wanazaa wanarudi shambani. Wewe umezaa umerudi kitandani."

Siku ile sasa, ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Tusekile alipofika alikuta nyumba imefagiwa. Bupe ameoga, amevaa kitenge chake cha kanisani, mtoto yuko mgongoni.

"Leo umependeza!" Tusekile akafurahi.

Bupe akamshika mkono, akaushika kwa muda. "Asante kwa yote, dada. Nimechoka. Sasa nataka tupumzike, mimi na mwanangu."

Moyo wa Tusekile ukalainika. Mama mwenye kichanga, usingizi ataupata wapi? "Pumzika, mdogo wangu," akasema. "Pumzika kabisa. Sikusumbui." Akatoka akinyata, akaurudisha mlango taratibu asije akamwamsha mtoto.

Njia panda, Atuganile akamwona.

"He, msindikizaji! Mapema hivi? Umefukuzwa?"

"Hebu niache. Nimemwacha Bupe apumzike na mtoto."

"Apumzike? Kasema hivyo mwenyewe?"

"Kasema tupumzike. Kanishukuru, kaniaga vizuri, kavaa kitenge cha kanisani."

Atuganile akaacha maandazi yaungue. "Tusekile. Jumapili mchungaji alitangazaje habari za mzee Mwakalinga?"

Tusekile akakumbuka. Mchungaji alitangaza kwamba mzee amepumzika. Na mzee alikuwa ndani ya jeneza.

Tusekile akageuka. Akakimbia. Akateleza, akainuka, akakimbia. Mlango alioufunga sasa ulikuwa wazi. Kitanda kitupu. Mbeleko haipo. Moto umezimwa kwa maji. "Bupe!" akaita. Akasikiliza. Hakuna kilio cha mtoto. Kulikuwa na mto tu, kule bondeni, umejaa, unanguruma. Tusekile alijua kusikiliza, alikuwa amefundishwa, na siku ile aliuogopa sana uwezo huo.

Nyuma yake Atuganile akapanda juu ya jiwe, akapiga kelele kwa pumzi yake yote: "Jamani! Bupe anataka kufa na mtoto! Tokeni! Teremkeni mtoni!"

"Nyamaza!" Tusekile akalia. "Unamwaibisha! Ni siri yake!"

"Siri ya maiti nitaiweka wapi? Kimbia wewe!"

Wakateremka. Ukungu ulikuwa mzito, kila kisiki kilionekana kama mtu aliyeinama, na kila Tusekile alipokifikia kilikuwa kisiki. Mara sauti nyembamba ikasikika mbele. Mtoto analia. Tusekile hakuwahi kupenda kilio kama alivyokipenda kile.

Akawakuta ukingoni. Mama Ambakisye alikuwa akichimba magimbi huko bondeni aliposikia kelele. Akainua macho, akakiona kitenge kikipita kwenye ukungu. Alimkamata mkwewe nguoni, wakaanguka wote. Sasa alikuwa amekaa matopeni amewakumbatia Bupe na mtoto, anahema. Tusekile akangoja matusi. Matusi hayakuja.

"Nilipomzaa Ambakisye niliogopa hivihivi," bibi yule alikuwa akisema. "Sikumwambia mtu hata mmoja. Kaa, mwanangu. Siondoki."

Wakampeleka Bupe hospitali. Daktari akasema huo ni ugonjwa, huwapata baadhi ya kina mama wakishajifungua, nao una dawa. Bupe akapona polepole. Mama mkwe alilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Tusekile alirudi kila Alhamisi. Atuganile alileta maandazi ya moto kila asubuhi, ingawa Bupe alipokwenda bombani wanawake walishusha sauti, maana kelele ile ilifika kila nyumba.

Ubatizo ukakaribia. Desturi ya usharika wao ni hii: mwanamke mmoja humbeba mtoto mpaka kwenye maji, na mtoto huitwa kwa jina la mwanamke huyo. Mmoja tu. Wote watatu wakaja kwa Bupe.

Atuganile akasema: "Kama si mdomo wangu mliouondoa darasani, tungekuwa tunaimba nyimbo za maziko."

Mama Ambakisye akasema: "Ninyi mlipiga kelele na kukimbia. Mikono iliyokamata ni hii."

"Na maneno yaliyomsukuma yalitoka kinywa gani, mama?" akauliza Atuganile. "Kwangu?"

Bibi akatazama chini. "Kwangu. Ndiyo maana naomba nimbebe."

Bupe akamgeukia Tusekile, akamwambia, "Dada, sema nawe."

"Niseme nini? Nilisikia neno lako, nikakufungia mlango." Machozi yakamtoka. "Lakini neno hilo uliniambia mimi, hukumwambia mwingine. Na kiapo changu nilikivunja njia panda, kwa sentensi moja tu. Sijui kama nilikosa kwa kukivunja au kwa kukishika."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Bupe akawatazama mmoja mmoja. Kisha akainuka, akamweka mtoto mikononi mwa mmoja wao.

Mtoto huyo sasa yuko darasa la pili, na anaitwa kwa jina la mwanamke aliyembeba. Jina hilo halitatajwa hapa. Ninyi mliosikia yote, semeni: nani alistahili?