Pilau ya Ng'ambo

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa huku au ng'ambo?"
"Kote kote!"
"Na kule kuko salama?"
"Tusimulie kwanza, ndipo tuvuke!"

Basi, hapo kale palikuwa na Pimbi mmoja, mnyama mdogo wa majabalini, mama wa mtoto aitwaye Sikudhani. Mtoto hakushuka mgongoni, kwa sababu mama yake alikuwa mwoga, mwoga hasa, jani likianguka yeye keshaingia pangoni. Na dada wa mama huyo, Tatu, alikuwa ameolewa ng'ambo ya ziwa, akajifungua huko huko. Akaleta salamu: njoo unikande kwa maji ya moto, njoo unipikie uji, sina mtu.

Mama Sikudhani akajaza kapu: unga wa mtama, karanga, na pilipili manga ya uji wa mzazi. Huyoo, mpaka ufukweni. Na mwenye mtumbwi ni nani? Fisi! Fisi ambaye nauli yake ni kapu zima. Fisi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga mchanga wa kule. Hufika kwenye maji ya magoti, husukuma abiria, chubwi! Hugeuza mtumbwi, hurudi mbio, anatafuna.

"Karibu dada, panda, panda. Kapu liweke hapa karibu yangu." Kapu likaingia mtumbwini, mwenyewe akabaki mchangani.

"Kaka Fisi, ngoja, ngoja kwanza, nasikia huko Simba wawili wanagombea kiti, mzee hataki kutoka na kijana hataki kungoja, na mimi nina mtoto, na mtoto mwenyewe hajaota hata jino, na dada yangu yuko peke yake, nisipokwenda nani atamkanda, nikienda nani ataniokoa?"

"Maneno ya watu hayo! Ng'ambo shwari."

Tu! Tu! Tu-puuu! ikasikika kutoka kule.

Mama Sikudhani akakaza mbeleko, akauliza, "Na ule mlio?"

Fisi akalamba mdomo, akajibu, "Ngoma. Kuna harusi."

Moshi mweusi ukapanda, fuuu!

Mama Sikudhani akakaza mbeleko, akauliza, "Na ule moshi?"

Fisi akalamba mdomo, akajibu, "Pilau hiyo."

Mara wakaonekana wanyama wakikimbia ufukweni, huku, kule, huku tena.

Mama Sikudhani akakaza mbeleko mpaka mtoto akalalamika, akauliza, "Na wale?"

Fisi akalamba mdomo, akajibu, "Wanawahi kupakuliwa."

Moyo wa Mama Sikudhani ukaenda du-du-du-du. Lakini akilini akajisemea: huyu anayeisifia nchi, mbona haikanyagi? Akavuta pumzi, akapiga kigelegele.

"Kiriririii! Harusi, na hukusema! Basi mimi siwezi kupanda."

"Kwa nini tena?"

"Kaka Fisi, jamani, hujui desturi? Msindikizaji ndiye hutangulia, akapokewa, akaketishwa, akapewa sinia lake peke yake, na paja zima la mbuzi juu, ndipo wageni wa kike wanaitwa. Mimi nikitangulia, sinia lako atapewa mpishi."

"Mpishi?" Masikio ya Fisi yakasimama.

"Na paja."

"Na paja!"

Fisi akatazama ng'ambo. Harusi ameitunga mwenyewe, sasa hivi, kwa mdomo wake. Akaanza kunong'ona, "Moshi upo. Ngoma zipo. Watu wanakimbia. Kumbe huenda ni kweli?" Mate yakamdondoka, to! to! to!

"Shusha kapu langu," akasema Mama Sikudhani, "mgeni wa sinia hafiki na unga wa mtama, watakucheka."

Kapu likatupwa mchangani, pu! Mtumbwi ukaenda, chapu-chapu, chapu-chapu.

Mama Sikudhani akasubiri, macho kodo. Jua likasogea kidogo. Mtumbwi ukarudi, lakini pole pole, ukienda kombo. Ndani yake hakuna Fisi! Kuna Tatu, na kitoto kimefungwa kifuani.

"Dada yangu! Umevukaje?"

"Nilikuwa nimejificha kwenye matete," Tatu akasema, analia na kucheka pamoja. "Huyo Fisi akaruka mchangani anapiga kelele, 'Sinia langu liko wapi?' Wafuasi wa mzee wakamkamata: 'Wewe wa upande gani?' Akajibu, 'Wa upande wa pilau!' Wafuasi wa kijana nao wakaja. Tangu vurugu zianze pande hizo hazijapatana hata mara moja, dada. Leo zimepatana. Zimempiga kwa zamu! Mimi nikauona mtumbwi mtupu..."

Mama Sikudhani hakungoja mwisho. Akawasha moto, akabandika maji, akamkanda dada yake pale pale ufukweni, akampikia uji wenye pilipili manga. Watoto wakalala bega kwa bega.

Na funzo ni hili, wenzangu: ukitaka kwenda ng'ambo, usiulize ulize, ni utovu wa adabu. Mwamini mwenye chombo. Mwamini sana, mpaka umwache atangulie.

Hadithi yangu imevuka, mimi nimebaki huku. Anayeitaka aifuate, ila kapu aliache kwangu.