Tundu la Bi Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Fumbeni macho, wanangu, nanyi wakubwa mlioegemea ukuta. Kioneni kichuguu juu ya kilima. Kikavu, kigumu. Mchwa waliokijenga walihama zamani. Ndani mna vyumba na vijia, na hamna anayelala humo. Mmekiona? Haya.

Hapo zamani za kale Bi Nguchiro aliishi chini ya gogo, ukingoni mwa mto, yeye na watoto wake wanne. Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Akautazama mto. Akawatazama watoto. Akakitazama kichuguu kule juu. Kilitaka tundu moja tu la kuingilia, la upana wa ngumi.

Lakini nchi ile ilikuwa na sheria. Banda la Tembo liliwahi kuanguka, likaua wengi. Tangu hapo hakuna kujenga wala kutoboa bila kibali, uwe tembo, uwe sisimizi. Panya aliingia pango la mti bila kibali. Fisi walinzi wakamtoa, wakaliziba kwa mawe.

Kibali kiliandikwa kwenye jani bichi la mgomba. Kobe aliandika, akalipeleka kwa Twiga akague paa, kisha kwa Kiboko akague maji. Jani likinyauka kabla ya muhuri wa mwisho, shauri limekufa. Huanza upya.

"Shikamoo, mzee Kobe."

"Marahaba. Kujenga au kubomoa?"

"Wala. Nyumba ipo. Nataka kutoboa mlango."

"Hiyo haimo. Nitaandika kujenga."

"Basi nipe jani nilipeleke. Mimi nakimbia, nitafika kabla ya adhuhuri."

"Mwombaji haligusi jani, mwanangu."

Kobe akaenda. Kwata, kwata, kwata. Siku nne.

Twiga akaja kilimani, Bi Nguchiro akimngoja, akashusha shingo. "Paa liko wapi?"

"Chini ya goti lako, mzee."

"Silioni."

"Piga magoti basi."

"Apigaye magoti ni mwombaji, bibi, si mkaguzi."

Akafikiri siku tatu. Jani likanyauka. Kobe akageuka. Kwata, kwata, kwata.

Jani la pili Twiga aliligonga muhuri, alikwisha kuchoka kuulizwa. Likafika kwa Kiboko, Bi Nguchiro akiwa nyuma yake.

"Kichuguu kina maji?"

"Hakina, mzee. Ndiyo maana nakitaka."

"Sasa nikague nini?"

"Usikague. Gonga tu."

"Nisichokagua sigongi." Akazama. Jani likanyauka.

Jani la tatu lilikuwa njiani mvua iliponyesha. Mchana kutwa, shaa, shaa, shaa. Mto ukapanda. Bi Nguchiro akambeba mtoto kwa meno, mbio hadi kilimani. Akarudi. Wa pili. Akarudi. Wa tatu. Akarudi kwa kitinda mimba.

Gogo halikuwepo.

Akasimama pale hadi maji yakamfika tumboni. Kisha akapanda, akakwangua kichuguu kwa kucha, kwa hasira, bila kibali. Kwaru, kwaru. Kazi ikaisha kabla mvua haijapungua. Hakuna fisi aliyetoka nje kwenye mvua ile.

Siku ya tano tangu mvua kuanza Kobe akafika na jani bichi, lina mihuri yote.

"Hongera, mwanangu. Kiboko naye amegonga. Amesema sasa maji ya kukagua yapo." Akasoma: "Makazi ya mama na watoto wanne."

"Andika watatu."

Kobe akachungulia tundu. Akahesabu. Akalitazama jani.

"Nikifuta, jani linaanza upya."

"Basi usifute," akasema Bi Nguchiro. "Mwache aandikwe humo. Hana mahali pengine."

Wanangu, sheria iliyotungwa kwa banda la tembo haikuwa mbaya. Ubaya ni kulipimia kwayo tundu la nguchiro. Jambo dogo lifanywe kwa njia fupi, kwa maana wanyonge ndio wenye mambo madogo, na masika hayawasubiri.

Hadithi yangu naitua hapo. Kesho baadhi yenu mtashika mihuri. Nawaomba mkumbuke neno moja: kabla hujamwambia mtu angoje, muulize anangojea wapi.